Sakafu ya Kimbu

Kitengela,
Jumapili, 7 Septemba 2025

Kwa binti yangu Nduta,

Leo nimemaliza mwaka mmoja na miezi minne tangu nitoke nyumbani Njabini. Wewe ulitoka mwezi mmoja kabla yangu. Nimeandika "ulitoka" kana kwamba ulienda sokoni. Najua nilivyokutoa.

Mama yako ndiye aliyeniambia uko Kajiado, kwenye duka la Faysa karibu na soko la mifugo. Akanikataza kukupigia simu. "Andika," akasema, "akitaka atajibu." Nilipotaka kumwuliza mengine akasema, "Hayo utamwuliza mwenyewe," akakata. Unajua niliishia darasa la sita. Barua moja inanichukua Jumapili nzima. Hii nampa Koinet, dereva wa lori linalotuletea mchanga kutoka huko kwenu. Ni mtu mpole, hataifungua.

Siandiki kuomba kitu. Niko na kimbu hapa, kinyonga wanavyomwita huku, wa kike, na sijui ana nini. Katika watu wote ninaowajua, ni wewe tu uliyewahi kuwafuga.

Tulimpata tukikata kichaka cha ploti ili tuchimbe msingi. Vijana walikuwa wameshika mawe tayari. Unajua watu wetu na kimbu, hata mtu mzima anatema mate akimwona. Mimi pia nilitema. Kisha nikakumbuka wewe na yule wako wa kwenye ua wa miiba ya kaiyaba, nikaingiza fimbo, akapanda. Tangu Juni anakaa kwenye tawi kibandani mwangu. Namshikia panzi wakati wa chakula cha mchana na wenzangu wanacheka mpaka wanakaa chini. Msimamizi wetu, Isaak, aliniambia, "Njogu, hiyo kitu ikikuangalia na jicho moja, lile lingine linaangalia mshahara wako."

Sasa ni wiki ya pili hali chochote. Panzi namletea mpaka mdomoni, anageuza kichwa. Alikuwa kijani, amekuwa mweusi wenye madoa ya manjano, na nikimkaribia anafungua kinywa na kutoa sauti kama gurudumu linalotoka upepo. Hakai tena kwenye tawi. Anashuka chini anatembea kona hii mpaka ile, siku nzima, mnyama ambaye kwa kawaida hatua moja inamchukua dakika. Tumbo limefura, na ubavuni kuna vinundu kama gunia la maharagwe.

Kwanza nilifikiri minyoo. Sasa nafikiri kuna dume lililomfikia. Nimekagua mabati yote nikitafuta tundu, sijaliona. Ni dume gani, na limeingilia wapi? Hilo ndilo nataka unieleze kwanza.

Juzi ameanza kukwaruza sakafu, ambayo ni udongo tu. Nafikiri anataka kutorokea chini ya mabati, au siafu wanamsumbua. Lakini usijali. Mimi hapa si fundi, ni mtu wa mkono, nakoroga na kubeba karai, ila Jumamosi kutabaki simiti na Isaak ameniruhusu. Nitampigia sakafu laini kama ya benki.

Ni mimi baba yako,
Njogu


Kajiado,
Ijumaa, 12 Septemba 2025

Baba,

Usipige sakafu.

Koinet amenipa barua yako sasa hivi. Anasema kesho alfajiri anakuja huko na mchanga, kwa hivyo itakufikia kabla hujakoroga.

Kimbu wako si mgonjwa wala hatoroki. Ana mayai. Anatafuta udongo wa kuyafukia, na akikosa mahali pa kuchimba atayashikilia ndani mpaka yamuue. Ndiyo sababu hali, kwa kuwa tumbo halina nafasi. Ndiyo sababu anatembea. Ile rangi na ile sauti ni kukuambia umwache.

Fanya hivi. Changanya udongo na mchanga, umwagie maji kidogo, ukiukamata kwa ngumi ushikane bila kutoa maji. Uwe na kina kama kutoka kiwiko chako mpaka vidole. Weka tawi la kushukia. Mpe maji ya kunywa, umdondoshee kwenye jani. Kisha funika mahali hapo kwa gunia na uondoke. Usimchungulie. Kimbu anayechimba akiona anaangaliwa anaacha shimo, na huenda asianze tena.

Kuhusu dume, si lazima liwepo. Jike aliyekomaa anaweza kutaga hata kama hajawahi kuona dume, ila mayai hayo hayatoi kitu. Hata hivyo sikushangaa kwamba hilo ndilo ulilotaka kujua kwanza.

Barua yako ni kurasa mbili. Nimezisoma mara tatu nikitafuta swali moja ambalo hukuuliza.

Nimejibu kwa ajili ya kimbu.

Nduta


Kitengela,
Jumatano, 17 Septemba 2025

Nduta,

Hujajibu, na sikulaumu. Mchanga wa Jumamosi uliletwa na lori lingine, na wa jana pia. Nimeuliza yule dereva kuhusu Koinet akasema hajui. Nafikiri umemwambia asikuletee tena barua zangu, na yeye ameona aibu kuniangalia usoni. Sijui nitaituma hii kwa nani, lakini naandika.

Sakafu niliipiga Jumamosi. Ilitoka vizuri sana, hata fundi mwenyewe alikuja kuiangalia. Jumapili kimbu alishuka, akaanza kukwaruza pale pale alipokuwa amechimba. Amekwaruza simiti siku tatu. Kucha zimeisha. Leo ameshinda amelala chini kwenye kona, macho amefunga mchana kweupe, na nilipomgusa hakutoa hata ile sauti.

Naona anakufa na sijui nimefanya nini.

Kwa kuwa huenda husomi, nitakuambia jambo. Yule wako wa kaiyaba hakutoroka. Mimi ndiye nilimwambia ndugu yako Ngugi amchukue kwa jembe akamtupe ng'ambo ya mto. Mama wa kanisa mmoja alikuwa amekuja na akamwona begani mwako, na mimi nilikuwa nimechaguliwa mzee wa kanisa wiki hiyo. Ulikuwa na miaka minane. Ulimtafuta kwenye ua mpaka ukachomwa na miiba mikono yote, na mimi nikakusaidia kutafuta. Hilo ndilo baya zaidi, kwamba nilikusaidia kutafuta.

Baba yako,
Njogu


Kitengela,
Jumapili, 21 Septemba 2025

Nduta binti yangu,

Naitia hii pamoja na ile ya Jumatano, ambayo ilikaa mfukoni. Isome ujue nilivyokuwa nikikufikiria vibaya wakati wewe ulijibu siku ile ile.

Koinet alifika Alhamisi saa tano. Lori lake lilivunjika ekseli hapo Isinya, akakaa nalo siku tano akingoja spea, barua yako ikiwa kwenye dashibodi. Nilikuwa juu ya ngazi na karai kichwani. Nikaisoma pale pale chini ya ngazi. Neno lako la kwanza lilinipiga, "Usipige sakafu," na ile sakafu ilikuwa na siku tano.

Nilichukua mtarimbo nikaingia kibandani. Simiti ya siku tano ni ngumu, na hiyo niliikoroga mwenyewe bila kuiba hata sepeto moja. Isaak alisikia mlio akaja.

"Njogu, umepatwa na nini? Hiyo floor ulikuwa unatuonyesha kama bibi arusi."

"Ana mayai," nikamwambia. "Nimemfungia udongo."

"Nani?"

"Kimbu."

Nilifikiri atacheka. Alisimama akiniangalia nikipiga, kisha akasema, "Wewe unalia kwa ajili ya mjusi?" Niliendelea kupiga. Akatoka, na mimi nikajua kazi imeisha. Akarudi na wilbaro ya mchanga, ule mzuri wa mtoni. Akaumwagia maji mwenyewe. "Sisi nyumbani ngamia akizaa watu wote wanaondoka wanamwacha na mama mmoja," akasema. "Haya, ondoka pia wewe."

Nilimdondoshea maji kwenye jani, akanywa, nilihesabu matone kumi na saba. Nikamweka kwenye tawi, nikatundika gunia, nikahamia stoo ya simiti. Ijumaa sikuchungulia. Jumamosi sikuchungulia. Nilikuwa nikipita hapo na karai nageuza uso kama mtu anayepita mbele ya choo cha wakwe.

Leo asubuhi nimeinua gunia. Yuko juu ya tawi, amekonda amekuwa kama jani la mgomba lililokauka, lakini ni kijani. Amekula panzi wawili. Na pale chini ameshindilia mchanga kwa miguu ya nyuma mpaka huwezi kujua palichimbwa. Zaidi ya mwaka nashindilia udongo, sijawahi kuona kazi kama ile. Nilifunua kidogo kwa kidole, nikaona meupe, nikafunika. Sikuhesabu.

Nduta, nimekaa hapo chini asubuhi yote. Mwezi wa tatu mwaka jana uliacha kula. Ulikuwa unashinda ukitembea kutoka jikoni mpaka zizini, kutoka zizini mpaka jikoni, na mtu akikuuliza kitu unamfokea, wewe ambaye hukuwa na maneno. Nililiona lote. Nikakuita mbele ya mama yako nikakuuliza "Ni nani?" mara tatu. Sikukuuliza kama umekula. Sikukuuliza kama unaumwa. Ulipokataa kutaja jina nikaweka begi lako nje ya lango, nikafunga kufuli, na ilikuwa inanyesha.

Mbele ya kanisa nilisema umepata nafasi ya kusomea uuguzi Nakuru. Walipiga makofi. Akina mama wakaleta sanduku la chuma lenye jina lako kwa rangi nyeupe, na blanketi jipya, vya kwenda navyo shuleni. Nikavipokea, nikashukuru kwa niaba yako. Vilikaa chini ya kitanda changu. Kila Jumapili mtu akaniuliza, "Daktari wetu anaendeleaje?" Mwezi mmoja niliweza. Ndipo nikaja huku kwenye mjengo, nikasema natafuta karo yako.

Swali uliloniambia sikuuliza nalijua. Nimeliandika na kulifuta mara nne, karatasi imetoboka hapa unavyoona. Mtoto alizaliwa? Yuko hai?

Baba yako


Kajiado,
Jumamosi, 27 Septemba 2025

Baba,

Yuko hai. Wiki mbili zilizopita alianza kusimama akishika gunia la sukari la Faysa.

Nitakueleza kidogo, si yote. Nilifika hapa kwa sababu nilikuwa na nauli ya kufika hapa, basi. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za duka, na Faysa akatoka akaniangalia tumbo. Nilingoja aulize. Akasema, "Chai yetu iko na tangawizi, utaweza?" Mpaka leo hajaniuliza ni nani. Nilijifungua hospitali ya hapa, mwezi wa tisa tarehe ishirini na sita, mama mmoja anaitwa Nalangu wa kitanda cha pili akinishika mkono, kwa sababu sikuwa na mtu. Mama yangu alikuja baada ya wiki. Alikuambia anaenda kumwona dada yake Ngong. Hata yeye umemfundisha kudanganya.

Jana alitimiza mwaka. Anaitwa Njogu.

Faysa alinishangaa. Akasema, "Huyo mzee amekufukuza na unampa jina lake?" Nikamwambia kwetu jina la kwanza halichaguliwi. Mtoto wa kiume angechukua la babu yake upande wa baba, na asiyekuwa na upande huo anachukua la baba ya mama yake. Sikukupa heshima. Sikuwa na jina lingine. Na kwa kuwa ni jina lako, namwita vile mwanamke wa kwetu anavyomwita mtoto kama huyo. Mwaka mzima, mara ishirini kwa siku, nasema, "Baba, kula. Baba, njoo. Baba, wacha hiyo." Sasa hivi "baba" ni yeye, na nilipoandika neno hilo juu ya karatasi hii ilibidi nifikirie kidogo ni nani.

Yule wa kaiyaba nilijua. Ngugi aliniambia siku ile ile. Niliendelea kutafuta ili nione utatafuta na mimi mpaka saa ngapi.

Na mimi niko na langu la kukuambia. Lori la Koinet lilipokwama, alinipigia simu Jumamosi hiyo mchana. Alisema, "Dada, hii barua yako haitafika leo, mpigie mzee." Namba yako naijua kwa kichwa. Nilishika simu, nikaandika namba yote, nikaiweka chini. Nikajiambia nilisema ni barua tu, na iwe barua tu. Nilijua unakoroga simiti. Nilijua kimbu atafanywa nini. Nilikaa pale kaunta nikipimia watu chumvi. Siku tano. Kucha zake na mimi nilizimaliza. Nilipoona barua yako ya Jumatano nilitoka nje ya duka.

Mayai usiyaguse, na usiyageuze. Yakae kwenye mchanga wenye unyevu kidogo. Kama alikuwa ameona dume kabla hamjamtoa kichakani, yatachukua miezi mingi, pengine mpaka mvua ndefu au kupita. Kama hakuona, yataoza tu. Hakuna njia ya kujua sasa.

Unataka kuja Kajiado. Hujaandika lakini nimesoma. Hapana, bado. Huwezi kumwona huyu mtoto mahali ambapo hakuna anayekujua, kisha urudi Njabini mimi nikiwa bado niko Nakuru nasomea uuguzi. Nenda kwanza mahali uliponitoa. Kufuli ulilifunga huko, si hapa. Ukishamaliza, andika.

Nduta


Kitengela,
Jumanne, 30 Septemba 2025

Nduta,

Barua yako nilisomewa na Isaak mara ya pili kwa sababu macho yangu yalikataa. Alipofika kwenye jina alisimama. "Anaitwa kama wewe?" Nikasema ndiyo. Akanirudishia karatasi, akaenda kuzima mashine ya kukoroga, ambayo haikuwa inawaka.

Nimejaribu kuandika kwamba sistahili jina hilo, lakini nikiandika hivyo utaniambia hukunipa, na ni kweli. Kwa hivyo nasema tu nimelisikia. Na kuhusu simu, usibebe hilo. Simiti niliikoroga mimi. Ulikuwa na mwezi wa nne tumboni nilipofunga lango, na hapakuwa na barua iliyochelewa.

Koinet amebeba katoni iliyotobolewa, ndani kuna kimbu kwenye tawi lake. Amesema hatamgusa, ila katoni ataiweka kiti cha abiria na kuifunga mkanda. Mwambie Faysa asiogope. Anakula panzi watano kwa siku sasa, na anapenda jua la saa tatu. Kucha zimeanza kutoka. Kama hutamtaka karibu na mtoto, mweke kwenye ua, atajua njia.

Mayai yamebaki hapa. Kibanda kilikuwa kivunjwe mwezi wa kumi na moja, lakini Isaak amesema kitakuwa cha mwisho kuvunjwa, na yeye mwenyewe atamwaga maji kidogo kila Ijumaa. Vijana wameyawekea alama ya matofali kuzunguka pale nilipovunja. Wanapapita mbali. Mmoja bado anatema mate, lakini anatema upande mwingine.

Nimeomba ruhusa. Nilifikiri nifike Njabini jioni, nipitie njia ya nyuma kando ya mto, niingie bila kuonekana. Nimeifikiria njia hiyo mwaka mzima. Sitaitumia. Nitashuka pale juu mbele ya kanisa, siku ambayo akina mama wanasafisha, nipite katikati yao kwa miguu, na atakayeniuliza kuhusu daktari wetu nitamjibu hapo hapo, nikisimama. Usiku huo nitamwomba mama yako anisikilize, kama atataka. Jumapili nitalitoa sanduku chini ya kitanda, nilibebe begani kama ninavyobeba karai, na nitalitua mbele ya madhabahu jina lako likiangalia watu. Nitasema uko Kajiado, unauza dukani, na mjukuu wangu ana mwaka mmoja na nilikuwa sijauliza jina lake. Kisha nitaacha kiti cha wazee. Kufuli la lango nitalitoa na kulitupa ng'ambo ya mto, mimi mwenyewe, simtumi Ngugi.

Kuhusu blanketi nitawauliza wale waliolileta. Wakisema ni la mtoto, litakuja na Koinet. Wakisema warudishiwe, nitarudisha.

Sijui watasema nini.

Mwambie mama yako, kama utazungumza naye kabla yangu, asipike kitu kabla hajanisikiliza. Nitafika nyumbani Jumamosi, tarehe nne Oktoba, saa sita mchana.

Njogu mkubwa